Haikuwa Kisonono

Kambini, Machi 1956

Kwa Ciakuthii,

Salamu kwako na kwa mama. Mimi sijambo, ila kikohozi. Mvua imeanza huku. Nadhani hapo Siakago mmeshapanda mtama.

Mtoto wetu alipofia tumboni katika uchungu wa muda mrefu, nawe ukabaki ukivuja mkojo, daktari aliniambia, "Ni kisonono." Uliapa hujawahi kuwa na mwanamume mwingine. Nikakufukuza.

Jana nilimsimulia mfungwa mwenzangu aliyekuwa muuguzi. Akasema, "Daktari alikosea. Hilo ni jeraha la kuzaa, na hushonwa."

Nimewaandikia wakubwa wa hospitali nikidai wakutibu na wakulipe fidia. Wasiponijibu, nenda mwenyewe, usione haya. Sikuombi urudi. Uliniambia kweli, nami nikamwamini yule daktari mgeni.

Nthiga, aliyekuwa mume wako