Mipira Iliyoanguka Kushoto kwa Mwenyekiti

KLABU YA TENISI YA JIONI, NG'AMBO, TABORA

Kumbukumbu za kikao cha kamati kilichofanyika Jumapili, tarehe 22 Juni 2025, kuanzia saa 10:15 jioni, katika chumba cha klabu kando ya kiwanja.

Waliohudhuria:
Mzee Twalibu Sabiri – Mwenyekiti, na dereva wa klabu
Bi. Mwanamkuu Adinani – Katibu
Bi. Najiat Kulwa – Mwalimu wa mazoezi
Mwl. Eustace Xavery – Mjumbe
Bw. Idrisa Pazi – Mjumbe

Wasiohudhuria:
Bw. Limbu – kwa udhuru, yupo Urambo kwenye soko la tumbaku
Bi. Julieth – bila taarifa, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua. Aliwakumbusha wajumbe kwamba Jumamosi ijayo klabu inakwenda Urambo kwa mechi ya marudiano, gari ni lile lile lake na dereva ni yeye yule. Bw. Idrisa alisema hana wasiwasi, mradi mwizi yuko kwenye usukani na si kiwanjani. Wajumbe walicheka.

Kwa faida ya wageni watakaosoma: Bw. Idrisa ni Mzaramo, Mwenyekiti ni Mnyamwezi, na makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara. Klabu yetu haina refa. Kila mchezaji huamua mipira inayoanguka upande wake. Mwenyekiti akisema "Nje!", Bw. Idrisa hujibu "Mwizi!", watu hucheka na mchezo huendelea. Hakuna aliyewahi kulitilia maanani neno hilo.

KUMB. NA. 2/6/2025: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Mwl. Eustace aliuliza kama Katibu bado analalamikia fainali ya mwaka jana, ambapo mpira wake wa mwisho uliamuliwa na Mwenyekiti kuwa nje, akakosa kombe. Katibu alisema jambo hilo limekwisha na hana kinyongo na mtu. Mwl. Eustace aliomba iandikwe kwamba Katibu alisema hivyo kwa sauti kubwa. Imeandikwa.

KUMB. NA. 3/6/2025: KUINUA VIWANGO VYETU VYA UCHEZAJI

Bi. Najiat alieleza kwamba mchezaji wa kujifurahisha hudhani anacheza hivi kumbe anacheza vile, na dawa ni kujiona. Kwa ridhaa ya wote alikuwa amerekodi mazoezi kwa simu, na sasa angeonyesha kwenye televisheni.

Mwl. Eustace alionekana akifumba macho kila mpira unapomkaribia. Alisema televisheni ni mbovu. Katibu alionekana ameshika raketi kama mwiko wa kusongea ugali. Katibu hakuwa na habari na alishtuka sana.

Ikaja zamu ya Mwenyekiti. Mpira wa Bw. Idrisa ulianguka kushoto kwake, ndani kabisa ya mstari. Ikasikika sauti ya Mwenyekiti: "Nje!" Bi. Najiat alisema huenda ni mkao wa simu. Mpira wa pili ukaanguka ndani. "Nje!" Wa tatu vile vile. Kwenye video Bw. Idrisa aliita "Mwizi!" na wote wakacheka, Katibu akiwemo. Chumbani hakuna aliyecheka. Katibu aliangusha kalamu.

KUMB. NA. 4/6/2025: HOJA YA DHARURA

Mwl. Eustace alitoa hoja kwamba Mwenyekiti ajiuzulu papo hapo, kwa kuwa mchezo usio na refa unasimama juu ya uaminifu tu. Mwenyekiti alisema, "Wallahi niliiona nje." Mwl. Eustace alijibu kwamba hata wao wameiona, na wameiona ndani.

Katibu aliomba nafasi ya kuzungumzia fainali na alizungumza kwa muda mrefu. Maneno yake hayakuandikwa kwa kuwa mwandishi ndiye aliyekuwa akiyasema.

Mwenyekiti alimgeukia Bw. Idrisa, akamuuliza, "Mtani, mbona leo huniiti mwizi?" Bw. Idrisa alisema, "Nilikuita miaka yote kwa sababu nilijua wewe si mwizi." Aliomba video irudiwe tangu mwanzo.

Iliporudiwa, ilionekana mipira miwili ya Bw. Idrisa iliyoanguka kushoto, nje ya mstari waziwazi. Mwenyekiti hakusema neno, aliihangaikia yote miwili na akapoteza pointi. Bw. Idrisa alisimama. "Mwizi gani huyu anayejiibia mwenyewe?"

Bi. Najiat alimwomba Mwenyekiti afumbe jicho la kulia. Akasimama mbele yake na kumuuliza, "Baba, nimeshika nini?" Mwenyekiti alisema ameshika raketi. Alikuwa ameshika birika la chai.

Kikao kilipigwa na butwaa. Mwenyekiti alieleza kwamba ukungu ulianza jicho la kushoto Ramadhani ya mwaka juzi. Alidhani utapita. Ulipozidi alinyamaza, kwa sababu gari ndilo riziki yake na hana kazi nyingine anayoijua. Bi. Najiat alilia. Mwaka mzima amekuwa akimfokea kwamba ni mvivu wa mipira ya kushoto.

KUMB. NA. 5/6/2025: SAFARI YA URAMBO

Mwl. Eustace aliuliza, kwa sauti ya chini ambayo Katibu hajawahi kuisikia kwake, nani aliwaendesha kwenda Urambo mwezi wa tatu.

Hapo wajumbe wote walimkumbuka mtu wa baiskeli karibu na Usoke, aliyebeba mkaa, ambaye gari lilimgusa akaangukia mtaroni. Alikuwa upande wa kushoto. Wajumbe waliteremka wakamwambia amelewa, na Mwl. Eustace akampa nasaha ndefu. Mtu yule alisema tu, "Mimi nilikuwa pembeni," huku akiokota mkaa wake. Hakuna aliyemsaidia kuokota.

Mwenyekiti alisema, "Na mimi niliapa kwamba hakuwepo." Alitoa ufunguo wa gari kwenye mfuko wa kanzu, akauweka mezani.

Iliazimiwa kwamba Bw. Idrisa ampeleke Mwenyekiti hospitali ya macho kesho asubuhi, na kwamba Bw. Limbu amtafute mtu wa Usoke ili kamati nzima ikamwombe radhi. Mwl. Eustace aliondoa hoja yake. Katibu alisema kombe libaki lilipo na hana kinyongo. Safari hii hakusema kwa sauti kubwa.

KUMB. NA. 6/6/2025: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alitamka kwamba kikao kimefungwa, lakini hakuna aliyeinuka. Ufunguo ulikuwa bado mezani na kila mjumbe aliangalia pengine.

Bw. Idrisa ndiye aliyeuchukua. Alisema, "Haya mwizi, inuka twende. Leo naendesha mimi."

Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta macho yote mawili. Walitoka pamoja, Bw. Idrisa akitembea upande wa kushoto.

Ilikuwa saa 12:50 jioni, adhana ya Magharibi ikiadhiniwa.

Saini ya Mwenyekiti: T. Sabiri (baada ya kusomewa)

Saini ya Katibu: Mwanamkuu Adinani