Kisima Kisichovuja

Msambweni,
Machi 1956

Kaka yangu mpenzi Boga,

Shikamoo. Natumai waraka huu utakukuta huko Tanga u mzima, pamoja na wifi yangu Biasha na watoto. Sisi hatujambo, ila mguu wa baba Mwanapili unamsumbua kila mvua zikikaribia. Hati hii ni mkono wangu mwenyewe, sikumwomba mtu, kwa hiyo usiicheke.

Najua unangoja habari za harusi. Mzee Dzombo wa Tiwi alikuletea posa ya binti yangu Mwanapili kwa ajili ya mwanawe, ukaipokea, ukasema aolewe mfungo mosi. Mume wangu haingilii. Asema mtoto ni wa mjomba, ndivyo tulivyo Wadigo. Basi sikiliza kwanza habari ya shule.

Mwalimu wao, Bi. Jemima wa Rabai, aliwaambia watoto wa darasa la nne kila mmoja afinyange kitu, akitolee hadithi, kisha aeleze jambo lenyewe hutokeaje. Wenziwe walifinyanga ng'ombe na motokaa. Wangu alifinyanga kisima cha Galu kilichoingia chumvi, na bahari ubavuni mwake. Hadithi yake ilikuwa ya bibi mchoyo aliyewanyima majirani maji, akateka kutwa kucha kumwagilia shamba lake, hata bahari ilipoona kisima ki kitupu ikaja kukikalia.

Kati ya bahari na kisima aliweka ukuta wa udongo uliojaa mchanga. Mimi nikaona haya. Mtoto wa Mwanasha, ambaye mitungi yake yagombewa toka Vanga hadi Tiwi, apeleke kazi ya makapi mbele ya mkaguzi wa shule! Alipokwenda chuoni kusoma Kurani, niliukandika ukuta ule udongo laini, nikausugua kwa kokoto hata ukang'aa. Ulipokauka nikakichoma kisima chote kwa makumbi ya nazi. Marehemu mama asingekitoa vizuri zaidi.

Siku ya mkaguzi nilisimama dirishani na akina mama wenzangu. Mwanapili akamimina maji ya chumvi baharini, akasimulia vizuri sana, lakini kisimani halikuingia hata tone. Watoto wakacheka. Mmoja, Kavumbi, akasema bibi wa Galu kapata mganga. Mkaguzi akauliza mbona bahari imegoma.

Kaka, mtoto hakulia. Alipitisha kidole ukutani, akanitazama, akamjibu kuwa mama yake ni mfinyanzi, na kazi ya mfinyanzi ni kuyazuia maji, lakini ardhi ya Galu hakuna aliyeisugua. Akaomba msumari, akaukwangua udongo wangu wote, ukabaki mchanga wake. Kisha akaianza hadithi upya. Bahari ilipofika kwa bibi, kisima kilikwisha kulowa. Mkaguzi akachovya kidole, akaonja, akatema. Darasa zima likapiga makofi, na mimi nikawaambia wenzangu dirishani yule ni nani.

Mkaguzi alisema mtoto huyu afanye mtihani, aende shule ya bweni. Bi. Jemima akanifuata nje akaniambia wazi kwamba akiolewa mwaka huu, nafasi hiyo haitarudi.

Sasa kaka, kaa chini. Alhamisi nilikwenda Tiwi, nikalirudisha sinia la tambuu pamoja na kanga za posa. Mke wa Dzombo akaniuliza tangu lini mwanamke akavunja posa iliyopokewa na mjomba. Nikamwambia mimi ni mjumbe tu: kaka Boga ndiye aliyesema mtoto asome kwanza.

Hukusema, najua. Lakini walilipokea sinia palepale, maana neno langu wangelitupa jaani, na lako hawathubutu. Mzee Dzombo atakuandikia kuuliza kama ni kweli. Ukinikana, Mwanapili ataolewa, na mimi Tiwi sitapita tena. Ukisema ni kweli, basi itakuwa kweli.

Msalimu sana wifi, na watoto uwabusu. Mwanapili akuamkia. Hajui lolote, yuko uani anasoma.

Ni mimi nduguyo,
Mwanasha