Kamyo Tatu, Lisansi Moja

Aru, tarehe 3 juni 1977

Mudogo wangu Vahwere,

Jambo sana. Uko muzima? Mama, magoti yake inasema nini? Miye niko na nguvu, nanenepa hata.

Vitabu yako ya kuzalisha wamama nimeitoa Kampala miye mwenyewe. Hakuna mutu wa Bunia anajua Kampala kama miye. Hata polisi ya kule inaniita profesa. Usicheke. Na angalia akili ya yaya wako, kaka yako mukubwa: sikuiweka yote mu kamyo moja. Nimegawanya mu kamyo tatu, vile siye wachuuzi tunafanyaka na chumvi: moja ikianguka mu matope, mbili inafika. Ile lisansi yako, karatasi ya ruhusa ya kuingiza vitabu, nimemupa dereva wa kwanza. Waambie wanafunzi wa uuguzi wafungue macho!

Yaya wako,
Katsuva

Bunia, tarehe 10 juni

Yaya Katsuva,

Nakusalimia. Mama anatembea polepole. Mimi sina usingizi.

Kamyo ya kwanza ilifika. Mbili zimekamatwa duani, kwa watu wa forodha, pale pale Aru uliko. Yaya, lisansi ni ya safari moja, gari moja! Vitabu visivyosafiri nayo vinaitwa magendo. Na lisansi iko kwa jina langu.

Unajua biblioteke yetu ya shule inavyofanya kazi: kila kitabu kina fishi yake, kadi yenye jina lake, na fishi inatoka droo ya Vimeagizwa, inahamia Vina Lisansi, inaishia Vimefika. Sasa droo ya katikati imejaa na rafu ni tupu. Inspektere wa serikali anakuja tarehe 20. Akikuta hivi, atasema niliuza lisansi ya shule kwa wachuuzi. Direktere Paluku ameshaacha kunisalimia. Fanya kitu.

Mudogo wako,
Vahwere

Aru, tarehe 14 juni

Mudogo wangu,

Jambo, na pole. Unalia bure. Bosi ya duani nilimuchekesha mpaka kofia ikaanguka, lakini vitabu hakuachia. Anauliza: "Sitwaye Katsuva, nani aligawanya mizigo?" Nikajibu: "Upepo." Hakucheka tena.

Sikia shauri ya mutu ametembea dunia. Zile fishi, itoe mu droo ya katikati, itie mu Vimefika. Inspektere anahesabuka fishi, hahesabu vitabu. Kisha tutaona. Fanya leo, na uchome barua hii.

Yaya wako

Bunia, tarehe 18 juni

Yaya,

Salamu kwanza, hata leo.

Nilifanya ulivyosema. Nilizitia Vimefika. Halafu Kahindo wa mwaka wa tatu akaingia, akafungua droo, akaomba kitabu cha mama anayetoka damu baada ya kuzaa. "Mama Vahwere, fishi inasema kimefika." Nimujibu nini?

Nimezirudisha zote. Na juu ya kila moja nimeandika: "Kimekamatwa Aru. Aliyegawanya mizigo ni Katsuva, yaya yangu." Inspektere atazisoma keshokutwa. Njia ya kwenda Arua, ng'ambo ya mpaka, unaijua kuliko mimi. Barua hii nimemupa dereva wa haraka ili ikufikie kabla hajazisoma.

Vahwere

Duani ya Aru, tarehe 27 juni

Mudogo wangu,

Jambo. Niko muzima, ila kitanda ya hapa ni sementi, na miye nilizoea godoro ya Kampala.

Barua yako nilipasua. Nikakutukana weye, na fishi, na yule Kahindo na shule yake. Nikavaa viatu, nikafika mpaka kwenye kizuizi ya mupaka, pale wananipigiaka saluti. Halafu nikamufikiri ule mutoto Kahindo: mama anatoka damu mbele yake, na yeye anatafuta mu kichwa kitu hajasoma. Nikarudi.

Bosi akaniona. "Leo hauna kichekesho?"

"Leo niko na jina," nikamuambia. "Aliyegawanya ni miye."

Ameandika, nimetia sahihi. Weye hauna kosa tena. Inspektere ametuma lisansi mupya ya jina yako. Vitabu yote inapanda kesho mu kamyo moja. Kamyo yangu wameishika, na miye pamoja nayo. Lini nitatoka, hawajasema.

Mama akiuliza, miye ningemuambia niko Kampala, nakula maisha. Weye usiseme vile. Mwambie vile uliandika mu fishi.

Yaya wako,
Katsuva