Jedwali la Waliopo

Mama, shikamoo.

Joto la Vingunguti lingekukaushia mahindi yako yote ya Njombe kwa asubuhi moja. Leo umeme ulikatika ofisini, nikahamia na kompyuta kwenye banda la supu, jirani na machinjio. Nilikuwa natengeneza grafu ya wagonjwa wa saratani ya titi, ugonjwa wako huohuo. Mstari hushuka kila anapofariki mtu, na chini yake hukaa jedwali la wanaobaki, mwezi kwa mwezi. Programu ilinichosha, Mama! Kila namba ilikataa kukaa chini ya mwezi wake. Zilipotulia, nikaandika pembeni "Walio hatarini," maana ndivyo sie watu wa takwimu tunavyowaita.

Sista Zuhura, nesi anayewafuatilia wagonjwa hao kwa simu, akachungulia, akaweka kijiko chini.

"Hatarini? Mie nikiwapigiaga nauliza, 'Mama, upo?' Wananijibu, 'Nipo, mwanangu.' Ndo hao unaowahesabu. Andika waliopo, bwana!"

Nikabisha kwamba neno la kitaalamu haliguswi. Yeye akaagiza chapati nyingine. Nikafuta, nikaandika "Waliopo." Supu yangu ikapoa nikiwa nalitazama.

Usitoke asubuhi bila sweta. Jumapili nikikupigia sitaanza na habari za vidonge. Nitauliza tu, "Mama, upo?" Unijibu taratibu, nataka kulisikia neno lote.

Mwanao,
Neema