Mbwa wa Balungi wa Mama Yake Cóc

Kitongoji cha Bến Đá,
Nam Định.
Tarehe 21, mwezi wa nane kwa kalenda yetu ya mwandamo.

Mpendwa mdogo wangu Hoài,

Pokea salamu nyingi za sisi sote tulio upande huu wa bahari. Hujambo lakini? Mgongo wako unaendeleaje? Na yule bibi wa Taiwan unayemtunza, bado anakataa kula mpaka umbembeleze? Nakuombea afya na usingizi wa kutosha. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti langu, ambalo halijawa zima tangu nimzae Lượng na kwa hiyo halihesabiwi.

Vuli imeingia vizuri mwaka huu. Joto limetuachia, upepo wa asubuhi ni mkavu, midomo ya watoto inapasuka na tunashinda tukiipaka mafuta. Nguo zao tukizianika asubuhi, kufika chakula cha mchana zimekauka. Ukikumbuka kwamba nyumba zetu mbili zina makalio mawili yasiyojua choo, utaona hiyo ni neema kubwa.

Najua umeshangaa kuona karatasi. Huệ, binti wa fundi baiskeli, anarudi huko Taiwan kesho kutwa na amekubali kuibeba barua hii pamoja na kifurushi. Ujumbe wako nilisomewa na Lượng kwenye simu yake. Unasema mtoto amekusahau, unasema simu ya kwa mama mkwe wako haipokelewi tena, na kwamba utatia saini miaka mitatu mingine, kwa sababu ukirudi utarudi kwa nani. Nilimwambia Lượng arudie kuusoma. Halafu nilikwenda jikoni nikakaa peke yangu, nikalia.

Nilimwomba akujibu neno moja tu, kwamba usubiri barua yangu. Mimi na kuandika kwenye vioo hatupatani. Na kama ningemtamkia yeye aandike, ningelazimika kumsifu mtoto kwa sauti, na unajua Bibi Mận, mama mkwe wako, yuko ng'ambo ya ua tu, masikio yameelekezwa kwangu. Karatasi inanyamaza. Basi tafadhali, mdogo wangu, usitie saini kitu chochote kabla hujaisoma yote.

Maneno uliyoyasikia jioni ya sikukuu ya mwezi wa nane yalisemwa kweli. Ila uliusikia mkia wa mambo, kichwa hukukiona. Wacha nikueleze.

Jioni ile tulitandika mikeka uani kwa Bibi Mận, watoto wa kitongoji wakaja na taa zao za karatasi. Mimi nilimtengenezea Cóc wako mbwa wa balungi, kama mama yetu alivyokuwa akitutengenezea sisi: vipande vilivyomenywa na kuchanuliwa vikawa manyoya, na macho ya kunde nyeusi. Unajua desturi, mwezi ukishapanda watoto wote hurukia sinia la matunda na kula mpaka mapambo. Cóc akamnyakua mbwa wake akamficha mgongoni. Lượng, ambaye naye ni baba wa mtu sasa lakini bado mtoto, akaanza kumchokoza.

"We Cóc, nipe sikio moja tu la mbwa."

"Sitaki! Wa mama."

"Mama yuko mbali bwana. Akija atamkuta kaoza."

"Wa mama! We kula taa yako!"

Tulicheka mpaka Duyên, mke wake, akakiamsha kitoto chao Tí kilichokuwa kimesinzia kikinyonya. Hapo ndipo ulipopiga. Bibi Mận akaifungua simu, akaisimamisha kwenye birika la chai ili wote tukuone. Na kabla hatujakusalimu akaingia Thục, yule mke mpya wa mwalimu, aliyezaliwa na kukulia mjini. Mtoto wa watu hana ubaya wowote, ila hakufundwa mambo ya shamba. Akamwona Cóc na mbwa wake, akapiga makofi.

"Jamani, katoto kazuri haka! Kanono, kana akili, na kanavyomkumbuka mama yake!"

Hivyo hivyo, wazi, bila neno la kinga mbele wala nyuma, usiku wa mwezi mpevu ambapo kila kisichoonekana kiko nje kinasikiliza. Bibi Mận alitema mate chini, akasimama, akapaza sauti mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

"Kazuri wapi? Kabaya! Kabaya kama chura, ndiyo maana kanaitwa Cóc! Kana akili gani? Hakamkumbuki mtu yeyote! Mama yake kameshamsahau siku nyingi, hata sura yake hakaijui!"

Alikuwa anayaambia mapepo, Hoài. Alikuwa anayafukuza yasije yakamtamani mtoto. Lakini uliyekuwa kwenye birika ni wewe, na nilipogeuka kioo kilikuwa cheusi.

Ungekuwa umekaa nasi mkekani ungecheka kutushinda. Wewe mwenyewe uliitwa Panya mpaka siku ya kuanza shule, na mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba alikuokota jaani. Hukuwahi hata mara moja kudhani ni kweli. Lakini najua umbali unavyomfanya mtu. Akiwa peke yake ugenini, maneno ya kwao aliyoyazoea tangu utotoni humchoma kama vile hajawahi kuyasikia. Sikulaumu.

Sasa habari ya simu, na usicheke kabla sijamaliza. Asubuhi iliyofuata Bibi Mận alikuwa anachambua mboga, akaona nyumba imekuwa kimya kupita kiasi. Nawe ni mama, unajua kimya cha mtoto wa umri ule maana yake nini. Alimkuta Cóc amekaa kizingitini, simu mapajani, ile picha yako yenye koti jekundu imewaka. Mkono mwingine ulikuwa na mbwa wa balungi. "Mama, aaa. Fungua mdomo. Aaa." Alikuwa anakulisha. Alikusugua yule mbwa usoni kwa bidii zote, mpaka maji ya balungi yakaingia kila tundu la simu, na picha yako ikazimika.

"Umeua simu, kichaa wewe!" Bibi akapiga yowe.

"Sijaua," Cóc akasema. "Mama kashiba. Kalala."

Tangu siku hiyo simu imelala ndani ya pipa la mchele, Lượng anasema mchele utainyonya maji, na mimi nasema imekwisha. Ndiyo maana hakuna anayekupokea. Kila asubuhi Cóc akiamka, kabla hajanawa uso, anakwenda kwenye pipa. Mfuniko ni mzito, anausukuma kwa kichwa. "Mama bado kalala?" Bibi Mận anamjibu, "Kalala, nyamaza, utamwamsha," kisha anaingia jikoni na kukaa huko muda mrefu kuliko lazima. Ni mwanamke mgumu yule, machozi yake hayaonwi na mtu.

Huyo ndiye mtoto aliyekusahau.

Na kwa kuwa kalamu haina sauti, wacha leo nishibe kumsifu, maana nimeyabana haya kifuani mwaka mzima. Mtoto wako ni mzuri, Hoài. Ni mzuri mpaka nikimwogesha natazama pembeni nisije nikasema. Ana mashavu yanayotingishika akikimbia. Nywele zake zimeota nene, na nyusi ni zako, zile unazozikunja ukikataa jambo. Ni mzito, goti langu linajua. Anasema maneno kwa kupanga, hata ya kijeuri. Juzi nilimwambia asichezee mpunga mchanga wa kutwanga cốm, akanitazama akasema, "Mama mkubwa, pumzika wewe, unachoka."

Kula ndiko kunakotuua. Bibi Mận na miaka yake yote hushika bakuli la uji kila jioni akamfuata kitongoji kizima. Kijiko cha kwanza hulika kwetu, cha pili kwenye banda la bata, kinachofuata kwa fundi baiskeli baada ya kengele kupigwa. Uji ukiisha wamefika kisimani na giza linaanza. Nimemwambia, Bibi, muache, njaa itamkalisha. Akanijibu kwamba mimi nilee wajukuu wangu. Kusema kweli namvulia kofia. Mimi kwa umri wake nitataka kulishwa mwenyewe.

Kisha kuna Tí. Cóc amejiteua kuwa mkubwa wake. Akiona tumemshika Tí juu ya beseni kumpigia mluzi akojoe, naye hukimbia kuja kupiga. Hajui mluzi bado, hutoa mate tu, lakini niamini, kile kitoto hakikojoi mpaka kipate mate ya Cóc. Duyên akipiga mluzi wake mzuri, kinamtazama tu. Upepo ukianza kupoa alasiri, Cóc huleta mwenyewe chupa ya mafuta ya kupaka nyayo, humpaka Tí miguu yote mpaka magotini, halafu hunyanyua nguo yake naye apakwe. Halafu huipeleka chupa kwenye pipa la mchele. Nyayo za mama nazo zina baridi, ndivyo asemavyo. Tulikuta mchele una harufu ya mafuta, na tukaula hivyo hivyo.

Nisikufiche jambo moja, kwa sababu nataka uje ukilijua. Siku utakayofika atakukimbia. Atajificha nyuma ya Bibi, atakuchungulia, pengine atalia, na majirani watasema amekusahau. Usiwasikilize. Yeye anamjua mama anayeenea kwenye kiganja. Itamchukua muda kuuzoea ukubwa wako. Uketi chini tu, umenye balungi, usimwite. Mimi nawalea watoto wa ukoo huu tangu nikiwa binti, nakuhakikishia atakuja mwenyewe na atafungua mdomo.

Mkataba wako unaisha kabla ya mwaka mpya. Uamuzi ni wako na mumeo Toản, naye akirudi mwisho wa mwezi kutoka kwenye ujenzi nitamweleza kama nilivyokueleza. Sitakulazimisha. Lakini ukibaki huko, ubaki kwa sababu nyingine. Usibaki kwa kudhani kwamba huku mlango umefungwa.

Kwenye kifurushi nimekuwekea mchele mchanga wa cốm, umefungwa kwa jani la yungiyungi. Ule upesi na usimpe yule bibi wako, atapaliwa. Mafuta ya nyayo ni ya kwako kweli.

Lượng na Duyên wanakusalimu sana, na Tí anakusalimu kwa mate. Fundi baiskeli anauliza utarudi lini, kengele zake zimechakaa. Nisalimie huyo bibi, mwambie anakula vizuri kwa sababu ya mikono ya mdogo wangu na aiheshimu.

Bibi Mận naye nilitaka salamu zake. Alipoona naandika alisimama uani akauliza, "Unamwandikia yule?" Nikasema ndiyo. "Mwambie asirudi. Mwambie hapa hakuna anayemngoja, na mtoto wake ni mbaya kuliko jana." Mkononi alikuwa na lile blanketi lako jekundu la msimu wa baridi. Amelifua leo, na lilikuwa bado linachuruzika maji akilipeleka juani.

Mungu na wazee wetu waliotangulia wakulinde uendako na urudiko, wakupe mgongo imara na safari fupi.

Ni mimi dada yako mkubwa, ninayekupenda na nitakayekuita mbaya siku nitakayokuona,

Lựu.

Nimesahau. Ndani ya bahasha, chini kabisa, utakuta kunde mbili nyeusi, usizitupe. Mbwa alianza kuchacha, sisimizi wakamwandama, nikasema basi tumzike. Cóc akakubali, lakini kwanza akamtoa macho, akayafuta kwa nguo yake, akanipa. Nikamuuliza ya nini. "Ya mama," akasema. "Anione."