Asidi Haikuwa ya Chuo

Mama,

Jicho langu la kushoto lilikufa siku ya soko pale Mlowo, na aliyeliua ni mwanao wa kwanza. Naanza na hilo ili tusizungukane. Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Kahawa ya Isansa mmemaliza kuchuma?

Mimi nasoma hivyo hivyo. Maabara, nikimimina kwenye chupa yenye mdomo mwembamba nakosa, maana jicho moja halipimi umbali. Juzi nimeunguza vidole, mwenzangu wa meza akasema, "Wewe chongo, utatumaliza!" Nikacheka naye. Ningefanyaje?

Sasa chuo kimepata yale uliyowaambia polisi: kwamba asidi niliiiba maabara, nikaja nayo likizo, ikanimwagikia mwenyewe. Wanataka kunifukuza, na umebaki mwaka mmoja nimalize shahada ya kemia. Mwaka mmoja, mama, baada ya miaka sita ya kubeba magunia mpakani Tunduma ili nirudi shule.

Na ulikuwepo. Ulikuwa unapakua maharage kibandani kwako wakati kaka Elia aliponiita nyuma ya duka la Mzee Salumu, mnunuzi wa dhahabu, nimthibitishie kuwa mzigo wa Elia ni dhahabu. Asidi ilikuwa ya Elia, ile anayopimia siku zote. Mzee Salumu akasema, "Haya, kijana wa kemia, tonesha tuone." Elia akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikatonesha. Ikachemka, ikatoka kijani, na kijani hakifichiki.

"Nini hiyo?"

"Shaba, mzee."

Wapagazi wa Mzee Salumu wakamvamia Elia kwa mipini ya majembe. Nilisikia mkono wake ukivunjika kama bua kavu. Nikajitupa katikati, nikala mbili za kichwa, nikipiga kelele, "Mwacheni, atarudisha pesa!" Wakamwacha. Akainuka, damu mdomoni, akakamata chupa ya asidi kwa mkono uliobaki mzima. "Umesoma sana, eti? Soma na hii!"

Kwa magadi sikulaumu. Ni mimi niliyekuonyesha jikoni likizo ya nyuma, ndimu ikitoa povu, nikakwambia magadi huua asidi. Ukakimbia na konzi nzima, ukanisugua nayo jichoni huku unalia, "Inakufa, baba, inakufa." Kumbe yalitakiwa maji tu, ndoo juu ya ndoo. Ulifanya kwa upendo. Na uongo wa polisi, nao ni upendo? Hospitali uliniambia, "Elia ana watoto wanne, wewe una elimu." Haya, sasa elimu hiyo hiyo ndiyo unayomtolea Elia fidia.

Msalimie mdogo wangu Tumaini, anayekusomea hii, asiruke hata neno. Msalimie shangazi aliyeolewa Ibaba, na watoto wa Elia, hawana kosa. Baba yao usimsalimie.

Mkuu wa idara amekubali kunisubiri mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Usiniandikie habari za mvua wala za kuniombea. Nataka hili moja: utarudi polisi Mlowo useme nani alirusha ile chupa, ndiyo au hapana? Jibu linifikie kabla ya Ijumaa hiyo. Ukinyamaza, nitajua umechagua mtoto.

Mwanao wa pili,
Festo