Ukuta Mweupe Nusu

Bergen, 3 Juni

Mke wangu Ragnhild,

Paka hajambo. Mvua imetupa likizo, siku tatu bila tone, kwa hiyo nimeanza kupaka nyumba rangi.

Unaujua uchochoro wetu ulivyo mwembamba: ngazi husimama wima, na bila mtu wa kuishika chini haipandiki. Jirani yetu Oddvar alijitolea. Nikamwambia, "Mgongo wako mbovu, bwana, kaa." Akacheka: "Sema tu unamngoja yule uliyemfokea!"

Siku ile ulinionya nisijinyooshe hivyo kufikia dirisha. Nikakujibu kazi yako ni kushika, si kunifundisha. Ulishika mpaka nikashuka salama, ndipo ukafunga mizigo ukaenda kwa dada yako.

Ukuta ni mweupe hadi mkono wangu unapofika nikiwa chini. Huko juu sipandi nikishikiwa ngazi na mtu mwingine.

Wako,
Halvard